Ndiyo za Mkalimani

Siku tulipoteremka Matrah, bandari ya Maskati, mwaka wa sitini na nne, mama alimwuliza mtu wa kwanza aliyemsikia akisema Kiswahili kama lile jengo jeupe ndiyo forodha. Yule mtu hakuitika kama watu wanavyoitika. Alivuta pumzi ndani kwa ghafla, kama aliyekanyaga mwiba, na ndani ya pumzi hiyo ikapita sauti ndogo: "Ya." Halafu akalichukua furushi letu kubwa, akatangulia.

Mama alinishika mkono. "Huyu ana maradhi," akaninong'oneza, "au kaona kitu nyuma yetu. Hebu tazama."

Nilitazama. Nyuma yetu alikuwako kaka yangu Seif tu, kakumbatia mkeka na birika.

Mtaa mzima ulimwita Mkalimani, nami sitamwita vingine. Alikuwa Mwarabu wa Unguja kama sisi, lakini aliondoka kisiwani zamani sana, akapanda meli za Wanorwe, kwanza mtia makaa na baadaye mpishi, akakaa huko miaka ishirini au zaidi. Alipochoka na bahari alishukia Maskati. Wakala mmoja wa meli pale Matrah akamwajiri, na ikawa kila meli ya Kinorwe ikitia nanga, yeye ndiye anayesimama kati ya nahodha na watu wa nchi kavu. Hayo ndiyo tuliyoyajua kwa yakini. Mengine tuliyajaza wenyewe, na hatukuyajaza kwa kheri.

Lazima niseme tulikuwa watu wa namna gani. Tulitoka mahali ambapo jirani wa miaka kumi aliwaonyesha watu wenye bunduki mlango wetu kwa kidole. Baba hakutoka salama. Mtu aliyeona hayo hamwamini tena hata anayemkaribisha chai. Anajiuliza chai hii ya nini. Na Maskati ya wakati ule haikuwa ya kumtoa mtu wasiwasi. Milango ya mji ilifungwa jioni, watu walizungumza huku wanatazama begani, na kila mgeni aliulizwa mara tatu katoka wapi. Basi mtu anayesema lugha asiyoijua mwengine yeyote mjini, anayepokea barua zenye stempu za kifalme zisizosomeka, na anayeitika kwa kushtuka, ungemdhania nini?

"Mpelelezi," alisema mama, kabla hatujamaliza wiki.

Mwenyewe hakusaidia watu wamwelewe. Aliishi ghorofani, chumba kimoja, karibu na soko, na hakuna aliyealikwa kupanda. Alipiga pasi kanzu zake mwenyewe na kuzitia kunjo kati kama suruali za mabaharia. Alipika samaki wa chumvi kwa viazi vya kuchemsha, bila pilipili, bila ndimu, bila hata kitunguu. Mama alipompelekea bakuli la biriani kwa kutuonyesha forodha, bakuli lilirudi kesho yake limeoshwa, na ndani yake viazi vitatu vya maji, vimemenywa vizuri, kuwa ndiyo shukrani. Mama alivitazama viazi vile kama mtu anayesoma barua ya vitisho. "Mtu anayekula hivi kwa hiari yake," alisema, "ana jambo analolificha."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na Kiingereza cha shule. Seif alikuwa na thelathini na mikono ya kazi. Mkalimani alitupeleka sote wawili kwa wakala. Mie nikawa karani wa hati za shehena, Seif akawa sarahangi, yaani msimamizi wa mahamali wanaopakua melini. Nilidhani nitamshukuru. Lakini usiku ule wa habari njema mama alituuliza, "Anataka nini kwetu?" na swali hilo likakaa nyumbani mwetu kama mgeni asiyeaga.

Alikuwa na ndiyo nyingi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Alinifundisha tukiwa tumekaa juu ya magunia tukisubiri mashua, na mie nilijifunza kwa sababu nilitaka kujua anasema nini na wale watu. Naziandika hapa kama nilivyozisikia. *Ya* ni ndiyo ya kila siku, ya mtu anayeulizwa kama ameamka. *Ya vel* ni ya mdogo kwa mkubwa: nimesikia, natenda, hata kama sipendi. *Yaha* ni ya mtu aliyeambiwa jambo jipya naye bado analigeuzageuza. *Yada* ni ya kumtuliza anayeuliza mara ya tatu. *Ya-ya*, mbili kwa pamoja na mabega yakishuka, ni ya aliyekwisha kukubali mvua, au mke, au kifo. *Tya* ilimchekesha mwenyewe.

"Hiyo ukiisikia kwa nahodha, usipakie kitu," aliniambia. "Hiyo ni ndiyo iliyokwisha vaa viatu, inataka kutoka."

Na ile ya kuvuta pumzi, nikamwuliza, ile ya mwiba?

"Hiyo ni ya watu wanaoelewana. Haina haja ya nguvu. Hata pumzi huitoi, unaivuta tu."

"Hapa watu wanadhani unaumwa, Ami."

"Nnajua. Nimejaribu kuiacha. Imeshakuwa kama kukohoa."

Iliyokuwa ngumu ni *yo*. Yeye aliiheshimu kuliko zote. Mtu akikuuliza kwa kukanusha, "Hukula?", nawe umekula, kwa Kinorwe huwezi kusema *ya*. Husema *yo*: la, si hivyo, nimekula. "Waarabu wanayo yao, *bala*," alieleza. "Sie Waswahili hatuna. Sie ukituuliza 'Hukula?' tunasema 'Ndiyo', na maana yake ni kweli usemavyo, sikula. Mnorwe akisikia ndiyo yetu hiyo anadhani umeshiba."

Ndiyo maana hakupenda kuulizwa kwa kukanusha. Mtu akimwambia "Hukwenda sokoni leo?" alisimama njiani na kumrekebisha, mtu mzima mbele za watu: "Niulize kama nimekwenda." Wengi walikasirika. Walidhani ni kiburi cha ughaibuni. Fundi mmoja wa viatu alisema mtu anayechagua aulizweje, bila shaka ameshaulizwa sana na polisi.

Kuna habari ya posa iliyosimuliwa Matrah miaka mingi. Jirani mmoja alimwomba Mkalimani aende na wazee kumposea mwanawe, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na kanzu zake safi. Wakakaa, wakanywa kahawa, mambo yakaenda vizuri. Baba wa binti akauliza, kwa ada tu, "Na huyu kijana ana dini, siyo?" Wazee wote wakasema naam. Mkalimani, aliyemjua kijana huyo kwa sala zake zote tano, akataka kusema ndiyo ya dhati kabisa. Akavuta ile pumzi. Baba wa binti akaweka kikombe chini. Alichokiona yeye ni mtu mzima, aliyezunguka dunia, ameshtuka kutajwa dini ya kijana. Posa ikasimamishwa. Watu wakatumwa mpaka Nizwa na Sohar kuuliza kijana yule kafanya nini. Ilichukua miezi miwili kugundua kwamba hajafanya kitu.

Harusi ilifanyika baadaye, na Mkalimani alialikwa. "Utakuja?" baba wa bwana harusi alimwuliza, bado na kinyongo. "Nimesikia," akajibu. Alikuwa hivyo. Mtu wa ndiyo nane hakupenda kutoa hata moja kwa mambo yake mwenyewe. Wala hakusema inshallah akiwa na maana ya hapana, kama sie sote tusemavyo. Alikuwa akiniambia, "Ukitaka kukataa, kataa wewe. Usimtume Mungu." Alikwenda harusini, alikaa nyuma, aliondoka kabla ya halua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Wakati ule Matrah haikuwa na gati kubwa. Meli zilitia nanga mbali kidogo, na shehena ikateremshwa kwa winchi ndani ya matishali, yale majahazi mapana yasiyo na tanga, ndipo ikavutwa ufukweni. Tulikuwa na miaka miwili mjini ilipokuja meli ya Kinorwe na mabomba ya chuma ya watu wa mafuta. Kazi ya Seif ilikuwa juu ya sitaha: kuikagua kila kamba ya kunyanyulia kabla haijafungwa kwenye mzigo, na kumpa ishara mtu wa winchi. Asubuhi ile, mzigo wa nne, kamba ilikatika. Mabomba sita yaliangukia tishali. Hamali mmoja, Mbulushi aitwaye Murad, yalimvunja mguu pahala pawili. Nilisikia kelele zake nikiwa kwenye ngazi ya meli na hati zangu mkononi.

Saa mbili baadaye nahodha aliitisha kikao katika chumba cha kulia cha meli. Aliingia yeye, msaidizi wake, wakala, Seif, na Mkalimani. Nahodha yule alijua Kiingereza, lakini kwa jambo la kuandikwa katika kitabu cha meli alitaka lugha yake. Mie niliambiwa nisubiri ujiani. Mlango ulirudishwa bila kufungwa, na mashine chini ziliunguruma, ikawa nasikia kipande, kipande kinapotea.

Nilisikia sauti ya nahodha, ndefu. Nilisikia Mkalimani akiuliza kitu, sikukidaka. Kisha nikamsikia kaka yangu, waziwazi kabisa, kwa sauti yake ile nzito: "Ndiyo."

Mashine zikameza maneno mengine, ya Mkalimani na ya Seif tena, ya chini. Halafu Mkalimani akasema, na hilo nalo nililisikia waziwazi: "Nai."

*Nai* ni hapana. Hata mtoto wa bandarini alilijua neno hilo.

Kikao kilikwisha upesi. Wakala alitoka amekunja uso, Seif nyuma yake hana rangi. Kosa limeangukia upande wetu, si upande wa meli. Sarahangi hakukagua kamba. Nilipokuwa nikishuka kwenda mashuani niligeuka, nikamwona Mkalimani kabaki nyuma na nahodha penye mlango. Nahodha akampa kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya rangi ya khaki. Mkalimani akatazama kushoto na kulia, akakitia chini ya koti lake.

Nyumbani mama alimkalisha Seif. "Wamekuuliza nini, mwanangu?"

"Wameuliza habari ya kamba."

"Nawe umesema nini?"

"Mie nimesema ndiyo," Seif alijibu. Hakututazama. "Nimesema ndiyo, mama."

"Na nimelisikia kwa masikio yangu," nikadakia mimi. "Kasema ndiyo, na yule kageuza kasema hapana. Na kapewa kifurushi. Nimemwona."

Mama hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja, "Nilikwambieni siku ya kwanza."

Wakala alimfukuza Seif siku ya pili, na maneno ya kufungwa ngomeni yalipoanza kupita mjini, Seif akapanda meli kwenda Kuwait. Aliniaga kwa kunikumbatia kwa muda mrefu, akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga.

Nilichofanya baada ya hapo nimekwisha kukisimulia kwa Mungu, na sasa nakisimulia hapa. Nilikwenda kwa wakala, nikamwambia niliyoyasikia na niliyoyaona, neno na kifurushi. Sikusema "nadhani". Nilisema "najua". Wakala alikuwa mtu mwenye khofu kama sisi sote. Mkalimani anayeweza kununuliwa na nahodha leo, kesho atanunuliwa na mwengine. Akaacha kumwita. Meli ya Kinorwe iliyofuata, alinituma mimi, kwa yale maneno niliyofundishwa juu ya magunia na mtu yule yule.

Mama alifanya upande wa wanawake. Nyumba kwa nyumba, katika maulidi, penye kisima, alisimulia habari ya mtu aliyemuuza mtoto wa wenzake kwa kifurushi. Watoto wakaacha kumwamkia Mkalimani. Muuza samaki akampa wale wa jana. Yeye akaendelea kushuka ngazi zake kila asubuhi, kanzu ina kunjo, akipita mbele ya ghala la wakala, nilikofanya kazi, kwenda kununua mkate. Na kila asubuhi aliniambia, "Subalkheri, Karani." Nami niliona hiyo nayo ni hila. Mtu asiye na hatia, nilijiambia, angekuja kunigombeza.

Miaka mitatu ikapita namna hiyo.

Halafu siku moja nilikuwa melini, tunapakua mbao. Msaidizi wa nahodha, Mnorwe kijana mwenye haraka, akaniuliza kama tishali la pili haliji leo. Aliuliza hivyo hasa, kwa kukanusha. Nikamgeukia mkuu wa matishali, mtu wa Unguja, nikamwuliza kwa Kiswahili: "Tishali la pili haliji leo?"

"Ndiyo," akasema.

Nikafungua mdomo nimwambie Mnorwe *ya*, na neno likakwama. *Ya* pale halina maana. *Yo* ingekuwa kumwambia linakuja. Na mkuu wa matishali alikuwa ameniambia, kwa Kiswahili safi cha kwetu, kwamba haliji. Mnorwe alikuwa ananitazama, ananyoosha mkono kama anayesema haya, upesi.

"Nai," nikamwambia.

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nikashika ukingo wa meli. Mkuu wa matishali akaniuliza kama jua limenipiga, na sikumbuki nilimjibu nini. Nilikuwa ujiani kule, miaka mitatu nyuma, nje ya mlango uliorudishwa. Ndiyo, kisha nai. Jambo hili nilifundishwa mapema kabisa, tena na yeye mwenyewe, na nilikuwa nimeliacha lipotee kwa sababu hasira ilinifaa zaidi.

Lakini shaka haitoki kwa siku moja. Nilijiambia, na kifurushi je? Jioni ile nilipita ghalani. Murad alikuwa mlinzi pale. Kwa kuwa kosa liliandikwa upande wetu, wakala alilazimika kumtunza, akampa kiti mlangoni na mshahara wake. Miaka mitatu nilimpita kila siku, nikimpa salamu na kuingia. Sikupata kumwuliza hata mara moja juu ya siku ile.

"Murad," nikamwambia, "siku ulipoumia, nani alikuja kukutazama?"

"Mkalimani," akajibu, kana kwamba hilo lajulikana na kila mtu. "Jioni ile ile. Kaleta dawa za meli, za maumivu, na bendeji, katika karatasi. Nahodha alimkatalia mara mbili, akaomba mara ya tatu. Dawa zile si za kutoka melini, ndiyo akazificha. Kanifunga mwenyewe. Bila ya zile nisingelala wiki nzima." Akanyoosha mguu wake uliopinda akautazama. "Kwani wewe hukuambiwa?"

Bado sikupanda kwa Mkalimani; nilitaka kwanza kusikia kwa Seif mwenyewe. Mwaka wa sabini mambo ya nchi yalibadilika, milango ya mji ikaachwa wazi, na watu waliotawanyika wakaanza kurudi kutazama. Seif alirudi mwezi wa Oktoba, na saa mpya na masharubu. Mama alichinja. Siku ya tatu nikamchukua tukatembea mpaka mwisho wa ufukwe, nikamwambia, "Kaka, nataka unijibu maneno mazima, si neno moja. Ile kamba uliikagua au hukuikagua?"

"Sikuikagua," akasema. "Mizigo mitatu ya kwanza nilikagua. Wa nne, msaidizi wa nahodha alikuwa anapiga kelele tufanye haraka, nikaacha. Nahodha akauliza kama sikuikagua, na mie nikasema ndiyo. Nilikusudia ndiyo hiyo hiyo. Yule mzee hakutafsiri mara moja. Aliniinamia akaniuliza tena, taratibu, 'Seif, mwanangu, umeikagua au hukuikagua? Sema lote.' Alinipa mlango wa kutokea. Ningesema nimeikagua, angelisema hivyo. Nikamwambia sikuikagua."

"Na nyumbani je?"

"Nyumbani nilisema kweli. Nilisema nimesema ndiyo." Akageuza uso. "Wewe ndiye uliyemalizia yaliyobaki. Na mie nikakuacha umalizie."

Nilimwambia twende kwa Mkalimani, sasa hivi, sote wawili. Alisema kesho. Kesho yake alisema kesho. Wiki haikwisha akarudi Kuwait. Amefariki huko, Mungu amrehemu, na ngazi zile hakuzipanda kamwe.

Nilipanda mimi. Ilikuwa baada ya alasiri. Alinifungulia mwenyewe, amezeeka ghafla kama wazee wa peke yao wanavyozeeka, lakini kanzu imenyooka. Chumba kilikuwa kitanda, meza, kiti kimoja cha mbao, na jiko la mafuta. Sikumkuta mpelelezi wala hazina.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Ingia, Karani."

Niliyasema yote nikiwa nimesimama. Kwamba mimi ndiye niliyekwenda kwa wakala. Kwamba nilisema najua, nami sikujua.

"Wakala aliniambia siku hiyo hiyo," akasema.

"Ulikuwa unajua? Miaka yote hii, na unanipa subalkheri?"

"Asubuhi ilikuwa njema, wewe hukuwa na kosa nayo."

"Lakini ungesema neno moja tu! Ungeniambia Seif kakiri. Ungejitoa mbele ya mji mzima."

Akanitazama kama aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua. "Hilo lilikuwa la nduguyo kulisema. Mie nilikuwamo chumbani mle kwa kazi. Ninachokisikia kati ya watu wawili si changu nikatoke nacho, hata nikiunguzwa. Wakianza kuniogopa kwa hilo, nani ataweka maneno yake kinywani mwangu?"

"Wameshakuogopa kwa lisilokuwapo."

"Basi," akasema. Akainama kidogo, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ilimuuma, kwamba ilimuuma kila siku. "Nilikuwa na *yo* hapa mdomoni, ya kusema kaikagua, nikwambie kweli. Nilitaka sana kuisema. Nilimpenda nduguyo. Nilijua kijana kafiwa na baba, ana mama. Nimelala siku nyingi nikijiuliza kama ningeisema. Mguu wa Murad sikuukumbuka hata. Nilikuja kuukumbuka nilipouona."

Nikamwomba msamaha. Hakunipa.

"Leo sina," akasema. "Nenda kwa wakala kwanza. Mwambie ulivyoniambia mie. Kisha kwa mama yako. Kosa lako tu, la nduguyo usilibebe, muachie mwenyewe. Ukimaliza hao wawili, njoo."

Wakala alinisikiliza, akafuta miwani yake, akasema hakuwa na budi wakati ule. Hiyo ilikuwa nyepesi. Kwa mama nilikaa chini kabisa, karibu na miguu yake, nikamwambia nilikosea. Nilisikia vibaya. Kifurushi kilikuwa dawa za Murad. Mkalimani hakumuuza mtu.

Alikuwa anachambua mchele. Aliacha.

"Seif alisema ndiyo," akasema polepole. "Ilikuwa ndiyo ya kukiri?"

Nilitazama mchele. Alinitazama mimi, kama mama anavyomtazama mwanawe mmoja akimwona mwengine, kisha akaliweka sinia pembeni na kunyoosha mkono nimwinue.

"Nipe buibui langu."

"Mama, magoti yako. Ngazi zile ni ndefu."

"Nipe buibui langu, mwanangu."

Alipanda akipumzika kila vidato vitatu. Mkalimani alisikia hatua zetu, akatoka mlangoni, na alipoona ni nani, akaingia ndani upesi akatoa kile kiti chake kimoja akakiweka katikati ya chumba. Mama akakaa. Yeye na mie tukakaa chini, juu ya jamvi.

"Nimekuja mwenyewe," alisema mama, pumzi zikimwenda mbio. "Nilikusema vibaya, Mkalimani. Si nyumba moja. Mtaa mzima."

"Nilisikia, bibi."

"Nilikula chumvi ya mashaka nikaulisha na mtaa. Ulitupokea forodhani, ukawapa wanangu kazi, nami kila siku nikiuliza unataka nini kwetu. Ulitaka nini?"

Mkalimani alifikiri, kwa uaminifu, kama anavyofikiri juu ya kila swali. "Nilitaka watu wa kusema nao Kiswahili," akasema.

Mama alijifunika uso kwa ukaya wa buibui. Chini mtu alikuwa akinadi ndimu. Alipojifunua alisema, "Niliyoyapeleka nitayarudisha. Nyumba moja moja."

"Usiende, bibi. Nimekusamehe. Na huyu pia nimemsamehe. Magoti yako hayafai."

"Umenisamehe wewe," mama akasema, akisimama na kunishika bega. "Wao bado wanayo."

Tukashuka. Ilitupita sala ya magharibi tukiwa bado ngazini, mama akipumzika kila vidato vitatu. Nilidhani atataka nimpeleke nyumbani, aanze siku nyingine. Chini ya ngazi palikuwa na mlango wa mke wa fundi wa viatu, yule ambaye mama alimsimulia wa kwanza. Mama akajiweka sawa buibui, akasafisha koo, akabisha hodi.